Vigingi Saba vya Lusonge

Paukwa!

— Pakawa!

Nimesikia sauti mbili. Wa tatu amelala, au anatafuna? Paukwa!

— Pakawa, babu!

Vema. Sogeeni motoni. Mdoe, toa mguu wako kwenye majivu. Ngano ya leo haichekeshi. Anayetaka ya sungura aende jikoni kwa bibi yake, huko zipo tele. Anayebaki ajue kwamba nitataja majina, na majina sipendi yakosewe.

Ilikuwako nchi, si mbali sana na hapa wala si karibu. Iliitwa Lusonge. Wengine husema Lusonga, wanakosea. Mashariki yake ulipita mto Lugwina, na magharibi yake ilisimama milima ya Kwemhanga. Waliishi humo wanyama wa koo saba, nami nazitaja: Nyati, Pundamilia, Nyumbu, Swala pala, Ngiri, Kobe na Nungunungu. Umehesabu, Tatu?

— Saba, babu.

Hesabu hiyo usiipoteze.

Katika ukoo wa Nungunungu kulikuwa na mama mmoja mjane, jina lake Sikudhani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, akiitwa Shekue. Hakuwa na mwingine, wala hakutazamia kupata mwingine. Nyumba yao ilikuwa shimo safi chini ya kichuguu. Juu ya mlango ulitokeza mzizi, na kwenye mzizi huo kilining'inia kigingi kimoja cha mti wa mkole, kirefu kama kiganja changu hiki, kimechongwa ncha. Kila Shekue alipoingia, kigingi kilimgonga kichwa. Kila alipotoka, kilimgonga kichwa.

"Mama, kijiti hiki hakiwezi kukaa mahali pengine?"

"Hakiwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kimewekwa hapo kikugonge."

Shekue akakaa chini akijipapasa kipaji. Ndipo mama yake akamweleza, kama yeye naye alivyoelezwa na bibi yake.

Zamani koo zote saba zilikuwa chini ya Simba mmoja, jina lake Bungala. Bungala hakuwa mvivu, wala hakuwa mwoga. Ubaya wake ulikuwa huu: akiamka na hasira, vita. Akiota ndoto mbaya, vita. Akisikia jirani ana maji mengi, vita. Hakumuuliza mtu. Naye hakwenda peke yake; alikwenda na watoto wa wenzake, kisha akarudi peke yake.

Koo saba zikachoka, zikahama. Bungala akazifuata mbio, akazama katika mto Lugwina uliokuwa umefurika. Wakamtoa majini, wakamchuna, na kwa ngozi yake wakatengeneza ngoma ya vita. Wakaiita Kitutumo. Walitaka kila watakapoisikia wakumbuke hiyo ni sauti ya nani.

Kisha wakabishana siku nne: ngoma hii ashike nani?

Nyumbu wakasema, "Ashike mkuu wetu, Nyati Mhando. Sisi tuna majani ya kula."

Mhando akasema, "Msinipe."

"Kwa nini? Wewe si mwema?"

"Leo ni mwema. Kesho sijui nitaamkaje. Na hata nikiamka vizuri maisha yangu yote, baada yangu yupo mwingine, ambaye ninyi hamjamwona wala mimi sijamwona."

Basi wakapatana. Ngoma ikae kwa mkuu, lakini vigingi vya kuiwambia vikae kwa koo, kila ukoo kigingi kimoja. Bila vigingi saba ngozi hulegea, na ngoma iliyolegea haina sauti. Mkuu akitaka vita, apite mlango kwa mlango, aseme sababu yake mara saba, aombe vigingi. Vita vikiisha, siku hiyo hiyo kila ukoo uchomoe kigingi chake urudi nacho nyumbani.

"Na adui akija ghafla?" akauliza Pundamilia mmoja. "Tumngoje huku tunatafuta vijiti?"

Wakaona amesema kweli. Basi mkuu akapewa baragumu. Adui akishavuka ua na kuingia, mkuu alipulize, asimngoje mtu, na kila mwenye pembe ainuke. Lakini baragumu ni la kumtoa adui mlangoni. Halivuki mto.

Neno la mwisho alilisema Mhando mwenyewe. "Aliyefiwa kwa vita akae ubavuni mwa ngoma siku saba. Mtu asimwondoe. Mkuu amwone kila anapotoka na kila anapoingia."

Na ngoma ilipowambwa mara ya kwanza, ikasema. Mimi nitakuwa Kitutumo, ninyi mtakuwa koo. Mjibu "Sisi saba." Haya.

Nani ameniamsha?

— Sisi saba!

Nani atakayezika?

— Sisi saba!

Basi nipigeni, nitanguruma.

Ndivyo ilivyosema. Shekue aliposikia hayo akakitazama kigingi. Kisha akasema, "Lakini mama, wangekitundika juu kidogo."

Mama yake akacheka. Alikuwa akimpenda sana mtoto yule.

Tangu mapatano hayo miaka mingi ilikuwa imepita. Mhando alikuwa amekufa, mwanawe amekufa, na ukuu ulikuwa umemfikia mjukuu, Nyati Mkwizu. Msidhani Mkwizu alikuwa mbaya. Alikuwa Nyati mwenye mabega, mwenye kusikiliza.

Siku moja, mchana, wanyama wakiwa mtoni, Fisi wakavuka maji, wakavunja ua wakaingia. Mkwizu akapuliza baragumu. Hakumngoja mtu. Alikuwa na haki, Mdoe?

— Alikuwa nayo. Wameshaingia.

Alikuwa nayo. Kila mwenye pembe akainuka, Fisi wakafukuzwa hadi ukingoni. Lakini hawakwenda mbali. Walikaa mchangani, ng'ambo, wakingoja maji yapungue. Hapo Mkwizu akaliweka chini baragumu, akaanza kupita mlango kwa mlango. Akafika kwenye kichuguu cha Sikudhani, akainamisha kichwa chake kikubwa mpaka kikagusa ardhi.

"Hodi, mama Shekue."

"Karibu, Mkuu."

"Nimekuja kuomba kigingi."

"Wako wangapi?"

"Sitini. Wako mchangani."

"Utakwenda mpaka wapi?"

"Mpaka mchangani. Hatua moja zaidi sitakwenda."

Sikudhani akakitungua kigingi, akampa. Siku hiyo vigingi saba vikapigwa, ngozi ikakaza, ngoma ikauliza, koo saba zikajibu. Wakaenda mchangani. Fisi wakashindwa. Wetu walikufa wawili: Swala pala mmoja, jina lake Mwasi, na Pundamilia mmoja, jina lake Kijazi. Mkwizu mwenyewe alivunjika pembe ya kushoto, ikabaki nusu. Mama zao wale wawili wakakaa ubavuni mwa ngoma siku saba, na Mkwizu, kila alipotoka na kila alipoingia, akawaona. Siku hizo saba hakula akashiba.

Basi ikafika siku ya kuchomoa vigingi. Nao walichelewa, kwa heshima ya wafiwa, na siku hiyo ikanyesha mvua. Mvua gani hiyo! Kobe ndio wakaao mbali kuliko wote, mwendo wa siku nne. Mshika kigingi wao alikuwa mzee, Bibi Nyange. Akachomoa kigingi chake, akakiweka mgongoni, kikateleza. Akakiweka tena, kikateleza.

Mkwizu akamwonea huruma, huruma ya kweli.

"Bibi Nyange, kiache tu. Nitakutunzia mpaka kiangazi."

"Ahsante, mjukuu wangu. Mungu akuweke."

Akakirudisha tunduni.

Pundamilia akasema, "Basi na changu kitunze, Mkuu. Kwangu panavuja."

Nyumbu akasema, "Na changu. Watoto wangu hukichezea."

Swala pala akaacha. Ngiri akaacha. Nyati wao walikuwa nyumbani, ngoma iko kwao, chao hakikuwa na safari. Akabaki Sikudhani, amesimama mvuani na kigingi mkononi.

Sasa, kulikuwa na Ngiri mmoja, jina lake Kibwana, msemaji wa mkuu, mwenye maneno mengi. Akamwambia, "Mama Shekue, unaogopa Mkuu atakula kijiti chako? Meno ya kutafuna miti mnayo ninyi Nungunungu, si yeye!"

Watu wote wakacheka. Sikudhani akaona aibu. Akamtazama mwanawe.

Shekue akasema, "Kiache, mama. Walau kichwa changu kitapumzika."

Sikudhani naye akacheka. Akakirudisha kigingi tunduni, akakigonga kwa jiwe kikaingia. Kisha wakaenda nyumbani wakikimbia mvua.

— Angekichukua, babu!

Ndiyo, Tatu. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, na watu walikuwa wanacheka.

Kiangazi kikaja, hakuna aliyekwenda kuchukua chake. Mtu husema kesho.

Asubuhi moja Sikudhani alikuwa akichimba mizizi, akasikia ardhi inatetemeka. Ilikuwa Kitutumo. Hakuna aliyepita mlangoni kwake, wala aliyesema hodi. Akakimbia. Alipofika uwanjani akasikia ngoma inauliza, na anayejibu alikuwa mmoja.

"Nani ameniamsha?"

"Sisi saba," akajibu Mkwizu peke yake.

"Nani atakayezika?"

"Sisi saba," akajibu Mkwizu peke yake.

"Basi nipigeni, nitanguruma."

Akavuka mto na vijana wenye pembe, akawaendea Fisi mashimoni kwao. Sikudhani akamshika Kibwana.

"Kibwana, Fisi wamevunja ua?"

"Hawajavunja."

"Wamekaa mchangani?"

"Hawajakaa."

"Wamefanya nini sasa?"

"Walikuwa wanafikiria kuja."

"Nani kakwambia?"

"Mama Shekue, ukingoja Fisi akwambie mawazo yake utangoja sana."

Siku ya tatu wakarudi. Hakufa mtu wetu hata mmoja. Tena walirudi na mawe ya chumvi, makubwa, meupe, yaliyokuwa huko kwa Fisi, na kila mlango ukapewa jiwe lake. Lusonge hakukuwa na chumvi. Watu walilamba wakaimba.

Kibwana akaleta la Sikudhani mwenyewe, akalitua mlangoni.

"Mbona Mkuu hakupita kwangu?" Sikudhani akamuuliza.

"Angepitia nini, na kigingi anacho? Lamba chumvi, mama, utulie."

Shekue akalamba. Sikudhani akalitazama jiwe lile tangu mchana mpaka jua likashuka. Aliwaza kwenda uwanjani kuchukua kigingi chake. Akaona ataonekana vipi, chumvi bado iko mdomoni mwa watu? Kisha naye akalamba. Ilikuwa nzuri. Hilo nalo lazima niliseme, ilikuwa nzuri.

Masika ya pili yakaja, makubwa kuliko ya kwanza. Vigingi vilikuwa palepale kwenye ngoma. Vikanyeshewa, vikavimba. Ngozi nayo ikavibana.

Huko milima ya Kwemhanga waliishi Nyani. Nyani hawakuwa na neno na Lusonge. Hawakula majani yetu wala sisi hatukula matunda yao. Siku moja Mkwizu alikuwa akinywa maji chini ya mlima, na Nyani mmoja, juu ya jiwe, akaiona ile pembe yake iliyovunjika. Akapiga kelele:

"Hamjambo huko chini? Mwamwona Pembe Moja na Nusu?"

Mlima mzima ukacheka. Na wa kwetu waliokuwa karibu wakaziba midomo, lakini mabega yao yakatikisika, Mkwizu akaona. Akaacha kunywa. Akarudi nyumbani bila kusema na mtu.

Kesho yake Kibwana akapita nyumba kwa nyumba. Hakuja kuomba kigingi, alikuja kuita watu.

"Kila nyumba yenye kijana itoe kijana! Mwenye pembe, mwenye meno, mwenye miiba! Tunakwenda Kwemhanga!"

Miiba ya Shekue ilikuwa imekomaa mwaka huo huo.

Sikudhani akamwacha Kibwana mlangoni. Alitoka mbio hadi uwanjani. Mvua ilikuwa inanyesha. Mkwizu alikuwa amesimama mbele ya ngoma, peke yake.

"Mkuu, shikamoo."

"Marahaba, mama Shekue."

"Nyani wamevunja ua?"

"Wamenivunjia heshima."

"Heshima haina ua, Mkuu. Watoto wetu wanakwenda kufia kicheko?"

Mkwizu akasema, "Nikicheka nao leo, kesho watashuka. Mimi ndiye mkuu. Mimi ndiye ninayeona mbali."

"Basi nimekuja kuchukua kigingi changu."

Alidhani atamzuia. Hakumzuia. Alisogea pembeni, akampisha.

"Ni chako. Nani amekukatalia? Kivute."

Sikudhani akakivuta. Hakikutoka. Akakishika kwa mikono miwili akaweka mguu kwenye mzinga wa ngoma, akavuta. Hakikutoka. Akakizungusha, hakikuzunguka. Miiba yake miwili ikakatika mgongoni kwa kujikaza. Kigingi kilikuwa kimevimba tunduni kama jino.

"Mimi sikukunyang'anya," akasema Mkwizu, tena kwa upole. "Uliniachia mwenyewe."

"Nilikuachia ukitunze. Sikukuachia uende nacho vitani."

"Hukusema hivyo siku ile. Siku ile ulicheka."

Sikudhani alikuwa amecheka kweli. Akageukia kigingi, akakitia meno. Krt, krt. Walinzi wawili wakamshika, wakamtoa pembeni. Na Mkwizu akainua mchi wa ngoma.

Ngoma ikauliza, "Nani ameniamsha?"

Safari hii hakusema sisi saba.

— Alisemaje, babu?

Alisema, "Mimi."

"Nani atakayezika?"

Akasema, "Wao."

Jibu hilo halikuwa la mapatano. Lakini vigingi vilikuwa saba, na ngozi ilikuwa imekaza. Ikasema, "Basi nipige, nitanguruma." Ikanguruma kwa sauti ya Bungala, na wazee wakaitambua.

Shekue alikuja kumuaga mama yake. Aliingia, akala mzizi mmoja, akasema, "Tutarudi mapema, mama." Alipofika mlangoni akainama kukwepa kigingi, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kumgonga. Sikudhani akakiona kile kichwa kinainama. Hicho ndicho alichobaki nacho.

Walikwenda mia na arobaini. Nyani hawakushuka hata kupigana. Walikaa juu, wakangoja wenzetu wajae katika kijia chembamba chenye utelezi, kisha wakasukuma mawe. Mvua ikamaliza kazi iliyobaki. Walirudi kumi na mmoja, na Mkwizu, naye anachechemea.

Sikudhani akasimama njiani akiwatazama usoni mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Nyumbu kijana, jina lake Mtulia.

"Mwanangu Mtulia, mwenzako yuko wapi?"

"Mama, alikuwa nyuma yangu."

"Kisha?"

"Kisha hakuwa nyuma yangu."

Hakuulizwa zaidi, maskini. Hata kaburi la Shekue halijulikani liko wapi, kwa sababu hakuna aliyerudi kulitafuta.

Basi Sikudhani akaenda uwanjani, akakaa ubavuni mwa ngoma. Waliofiwa walikuwa wengi mno, uwanja haukuwatosha. Wengine wakalilia makwao. Yeye akakaa pale pale, upande wa kigingi chake. Neno la Mhando lilikuwa bado linaheshimiwa: aliyefiwa mtu asimwondoe. Mkwizu akatoka, akamwona. Akaingia, akamwona. Siku ya pili akaanza kutokea mlango wa nyuma.

Sikudhani akaiambia ngoma, "Kitutumo, ulijua. Kwa nini ulinguruma?"

Ngoma ikamjibu chinichini, "Mama, mimi ni mti na ngozi. Nanguruma nikikazwa. Kunilegeza ilikuwa kazi yenu."

Sikudhani akafunika kichwa kwa kanga ya msiba, akaegemea mzinga. Akaanza kutafuna.

Krt, krt, krt.

— Krt, krt, krt!

Polepole, Mdoe. Ni msiba. Siku ya tatu akatafuna. Siku ya nne akatafuna. Siku ya tano Kibwana akapita, akasimama.

"Mama Shekue, ni nini hiyo inayolia?"

"Ni uchungu, Kibwana."

Kibwana akatazama chini. Akauona unga wa mti wa mkole kwenye matope, mwekundu, mbichi. Wapwa zake wawili, Mbelwa na Singano, walikuwa wamekwenda Kwemhanga. Akaufukia unga ule kwa kwato yake, taratibu, akaenda zake.

Siku ya saba Mkwizu akawakusanya watu.

"Tutalipiza," akasema. "Wakubwa wamekwisha, basi watakwenda wadogo. Kila mwenye kutembea."

Akina mama wakawakumbatia watoto wao. Mkwizu akainua mchi, akaipiga ngoma.

Pwaa.

Akapiga tena. Pwaa. Kama mtu apigaye mfuko mtupu. Akainama, akaona kigingi cha Nungunungu kimekatika, kimeanguka matopeni vipande viwili, na ngozi upande ule imekunjamana.

Ngoma ikasema kwa sauti ndogo, "Nani ameniamsha?"

Mkwizu akafungua kinywa. Akawatazama watu, wao wakamtazama.

Sikudhani akasimama. Alikuwa amekonda, midomo inatoka damu. Akasema, "Sasa ngozi imelegea. Vuteni vyenu."

Bibi Nyange, aliyekuwa amekuja mwendo wa siku nne kwa ajili ya msiba, akatangulia. Alitembea mpaka ngomani watu wote wakimngoja. Akaweka mdomo wake mkavu kwenye kigingi cha Kobe, akavuta. Kikatoka. Cha Pundamilia kikatoka. Cha Nyumbu, cha Swala pala, vikatoka. Kibwana akaja akakichomoa cha Ngiri, hakumtazama mkuu wake. Kikabaki cha Nyati. Wazee wa Nyati wakatazamana, kisha wakakichomoa nacho, kwa kuwa nao walikuwa wamefiwa. Ngozi ya Bungala ikaanguka chini ikalala.

Mtu mmoja akataka kukusaidia — hapana, kumsaidia. Ulimi wangu umezeeka — akataka kumsaidia Bibi Nyange kubeba chake. Akakataa.

"Safari ya kwanza nilisaidiwa," akasema. "Inatosha."

Akakifunga mgongoni kwa ugwe, akaondoka. Alifika kwake siku ya tano.

Mkwizu hawakumwua, wala hawakumfukuza. Walimwachia baragumu, maana ua bado ulikuwepo na Fisi bado walikuwepo. Alilipuliza mara mbili tena katika maisha yake, na mara zote mbili alisimama uani, hakuvuka. Lakini akina mama walipokutana naye njiani walimsalimu wakapita, basi.

— Na mama yake Shekue, babu?

Sikudhani akarudi kwenye kichuguu chake. Akakata tawi la mkole, akachonga kigingi kipya, urefu ule ule, ncha ile ile. Akakining'iniza juu ya mlango, kwenye mzizi ule ule, chini vile vile.

Hakikumgonga mtu kichwa tena.

Sasa sikilizeni. Mkuu kazi yake ni kulinda ua, na adui akiingia asimngoje mtu. Lakini kwenda vitani waamue wale watakaozika. Tena waamue upya kila mara, mlango kwa mlango. Ukiwa na kigingi cha kuzuia vita, usimwachie mtu akutunzie. Hata akiwa mwema, hata mvua ikinyesha, hata watu wakicheka.

Ngano yangu nimeibeba mpaka hapa, na hapa naitua. Lakini kabla hamjainuka, nitajieni. Aliitwa nani mtoto yule?

— Shekue.

Wa nani?

— Wa Sikudhani.

Wa nchi gani?

— Lusonge, babu.

Lusonge. Vema. Nendeni mkale.